Kuvunja Jungu Funguni

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo ninavyoandika ndivyo ninavyosema. Kuna watu wanaisimulia habari hii mpaka leo, misibani na harusini, na kila wakiisimulia mimi ndiye niliyemtia mama mkwe wangu majini. Majina sitaji. Lakini kila mwenye kosa lake nitamweka mahali pake, na mtaani kwetu hakuna atakayeuliza ni nani.

Sisi wa Bagamoyo matembezi yetu ni ya bure. Kwenye magofu kuna kiingilio, kwenye makumbusho kuna kiingilio, ufukweni ni miguu yako tu. Na siku kubwa ya matembezi, ukiacha Idi, ni kuvunja jungu. Shaabani ikifika ukingoni, mwezi wa Ramadhani haujaandama, watu wanapika, wanabeba masufuria na mikeka, wanakwenda kula mchana kwa mara ya mwisho wakitazama bahari. Mimi nilizaliwa Kiwangwa, kwenye mananasi na mihogo, nikayajua hayo nilipoolewa mjini. Nilipoyajua nikayapenda kuliko wenyewe.

Mwaka huo mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, nami nimebaki nyumbani kwa mama yake. Namwogesha, namkanda miguu, namsomea tarehe ya dawa. Nyumba ni ya mama. Siku mama akifumba macho, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, angenitoa mimi na mikeka yangu, alikuwa hafichi. Alikuwa na duka la simu Dar, akija kwetu Ijumaa na kanzu yake iliyopigwa pasi, akisema, "Sisi watu wa bahari." Babu yake alikuwa nahodha. Yeye mwenyewe nilikuwa sijawahi kumwona amelowa kupita magoti.

Mahali petu pa kuvunja jungu palikuwa chini ya mivinje, njia ya kwendea Mbegani. Tulipofika asubuhi hiyo, watu kumi na sufuria ya pilau juu ya toroli, tukakuta uzio wa waya na mlinzi.

"Mama zangu, samahani," mlinzi alisema. "Humu sasa ni kwa wageni wa hoteli."

"Mgeni nani?" mama mkwe akamwuliza. "Mimi nimeanza kukaa hapa baba yako hajatahiriwa."

Watu wakacheka, na mlinzi naye akacheka, lakini geti hakufungua. Huyo simlaumu, kibarua tu. Namlaumu mwenye hoteli, aliyezungushia waya kivuli ambacho hakukipanda. Namlaumu na kiongozi wetu wa mtaa, aliyegonga mhuri bila kuitisha mkutano, kisha kwenye msiba wa jirani akatuambia bahari ni ya wote. Bahari ndiyo, ya wote. Pa kukaa je?

Tulibishana pale mpaka jua likawa kali. Ndipo shemeji akanyoosha mkono baharini. Fungu lilikuwa wazi, mchanga mweupe mrefu, mbali kidogo na ufukwe.

"Twendeni kule," akasema. "Funguni hakuna uzio wala mlinzi. Bure, na upepo mzuri."

"Saa hizi?" nikauliza.

"Saa hizi ndiyo saa zenyewe, shemeji. Maji yamekupwa."

Sasa nieleze kwa asiyejua. Shaabani inapokwisha mwezi unakuwa gizani, na mwezi ukiwa gizani ni bamvua: maji yanakupwa mbali sana, kisha yanarudi mengi na kwa kasi. Ndiyo maana fungu lilikuwa wazi lote siku ile. Na kati ya fungu na ufukwe pana mkondo. Tuliuvuka maji yakiwa chini ya magoti, mama mkwe tumemshika huku na huku, anacheka kama msichana, anasema mara ya mwisho kufika pale alikuwa amembeba mume wangu tumboni. Ilikuwa saa tano. Watu wengine waliokwenda mapema walikuwa wameshaanza kurudi.

Tukatandika. Tukapakua. Wakapita wanawake watatu wanaookota chaza, ndoo kichwani, wanaelekea nchi kavu. Mmoja, mrefu, akasimama.

"Jamani, ndiyo kwanza mnapakua? Sisi tunatoka."

"Nendeni salama, dada zangu," shemeji akamjibu, mdomo umejaa nyama. "Sisi tuna damu ya nahodha hapa."

"Damu haielei, kaka," yule mama akasema, akaenda zake.

Nilikuwa wa kwanza kumaliza kula, nikachukua sahani kwenda kuzisuuza upande wa nyuma, upande wa mkondo. Pale tulipopandia, asubuhi mchanga mkavu, sasa palikuwa na maji. Nikainama. Sahani moja ya plastiki ikaniponyoka. Nikatega mkono upande wa bahari kuu niidake, maana asubuhi mkondo ulikuwa unavuta kwenda huko. Sahani ikanipita upande wa pili. Ikaenda ndani, kuelekea mikoko, tena kwa haraka, kama inavutwa na uzi.

Nikarudi nikamwambia shemeji maji yanaingia nyuma yetu.

"Tazama mbele, shemeji," akasema. "Maji yako wapi? Si yale kule? Wewe mtu wa mananasi, bahari inakuhusu nini?"

Wakacheka. Mkewe, wifi yangu, akaongeza: "Huyu akiona kisima ataita bamvua."

Na kweli mbele maji yalikuwa mbali. Wote walikuwa wamekaa wakitazama mbele, kwenye upepo, mgongo wameupa mkondo. Mimi nikakaa. Hapa najiweka na mimi kwenye orodha, maana sahani niliiona na bado nilikaa. Niliona haya kuchekwa. Nikakaa muda wa watu kumenya machungwa na kula, na mama mkwe akalala kidogo kwenye mkeka, kanga usoni.

Kisha wifi akaenda nyuma kunawa. Alipiga kelele moja tu. Tulipogeuka, mkondo ulikuwa mpana kama uwanja wa mpira, rangi ya chai ya maziwa, unakwenda. Yale yaliyokuwa chini ya magoti sasa ni ya kiuno, na hapo ni ukingoni tu.

Watu wakachanganyikiwa. Mmoja anaokota sahani, mwingine anamvuta mtoto, mwingine anasoma Ayatul Kursiyu akikosea. Shemeji alivua viatu, akavifunga kamba shingoni, akainua simu juu kwa mkono mmoja.

"Twendeni, twendeni, bado panapitika!" akasema, akatangulia. Akatangulia, nasema. Mama yake alikuwa nyuma yake, amekaa mkekani, anatafuta kiatu.

"Shemeji, na mama?" nikaita.

"Mshike wewe! Mimi natafuta njia!"

Tulikuwa na madumu mawili ya maji ya kunywa. Nikayamwaga, nikafunga vifuniko kwa meno. Moja akachukua wifi kwa ajili ya watoto wake, hilo simlaumu. Jingine nikampa mama alikumbatie. Nikamfunga kanga chini ya makwapa, ncha nikajifunga kiunoni.

"Unanifunga kama mzigo wa kuni," akasema.

"Ndiyo, mama. Twende."

Kwenye kiuno alikuwa bado anasema. Kwenye kifua alinyamaza. Mchanga ulikuwa unatoka chini ya nyayo zangu, kila nikiweka mguu pale ninapoweka hapapo tena, na maji yanatusukuma kuelekea mikoko. Kuogelea sijui. Kiwangwa tungeogelea wapi? Nilimwona shemeji mbele amefika shingoni, simu bado iko juu, anakwenda moja kwa moja, na wote wanamfuata.

Ndipo yule mama wa chaza akarudi. Aliweka ndoo ufukweni, akaingia majini na nguo zake mpaka kiunoni, akapiga ukelele: "Msinyooke! Msinyooke hapo, pana shimo! Njooni mkono wa kulia, kwenye mwamba! Kulia!"

Wenzangu wakageuka kulia. Mimi nikageuka, na kwa kugeuka maji yakaniingia mdomoni, nikateleza. Mama akazama na dumu likatoka. Niliona dumu likienda. Kanga ikanikaza tumboni mpaka nikadhani itanikata. Nikavuta. Alitoka na mtandio umembandika usoni, kucha zake zimeingia kwenye mkono wangu, macho yametoka, na alichosema nakikumbuka kila siku ya Mungu: "Usiniache. Usiniache, mwanangu." Tangu niolewe hakuwahi kuniita mwanangu.

Mguu wangu ukagonga mwamba. Ulinichana, lakini ulikuwa mgumu, haukimbii. Nikasimama juu yake na yule mama akatudaka.

Wote tulitoka. Sufuria, mikeka, sahani vilibaki. Mama alitapika maji ya chumvi, tukampeleka hospitali, akalazwa kifua siku nne, na mfungo ukaanza yeye yuko kitandani.

Wazee wa ukoo wakaja kuuliza. Tulikaa sebuleni, mama amerudi, ameegemezwa mito. Shemeji akaanza yeye. Akasema alitangulia kupima kina, kama nahodha anavyofanya. Akasema shemeji yake, yaani mimi, alimfunga mama kwa kanga, na kule kumfunga ndiko kulikomzamisha.

Mzee mmoja akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

"Mama yupo," nikasema. "Mwulizeni."

Nikamtazama. Nilikuwa bado na alama za kucha zake mkononi, tano, zimeanza kuota magamba. Mama akatazama mkeka. Akasema, "Mimi ndiye niliyetaka kwenda funguni. Mwanangu hana kosa. Na huyu naye," akaniashiria kwa kidevu, "alifanya haraka, hajui maji."

Basi. Wakasoma dua, wakafuturu kwa uji, wakaondoka. Kwa hiyo na yeye namweka. Namweka wa mwisho, kwa heshima ya umri, lakini namweka. Nilimvuta kutoka majini, na alipopata pumzi alimpa mwanawe.

Usiku ule nilimkanda miguu kama kawaida.

Mwaka uliofuata, Shaabani ikakaribia kwisha. Shemeji akaja asubuhi na mkewe, masufuria mapya, anaita kutoka barabarani kwamba uzio bado upo, kwa hiyo safari ni ile ile. Mama akanituma baibui.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Funguni. Kuvunja jungu."

"Mimi siendi."

Akanitazama kama nimemwambia sipiki. "Sasa nani atanishika?"

"Hakuna," nikasema. Nikatoka nje, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikautia ufunguo kifuani, nikakaa barazani.

Shemeji akapandisha sauti. "Unamfungia mama yangu kama mbuzi? Ndani ya nyumba yake?"

Majirani wakatoka. Nikamwambia, "Nitafungua. Niambie kwanza, leo mkondo unaanza kujaa saa ngapi?"

"Maji yanajaa saa kumi, kila mtu anajua."

"Sikuuliza maji. Nimeuliza mkondo, wa nyuma."

Akatoa simu. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Mkewe akateremsha sufuria chini. Jirani mmoja akakohoa. Mimi nilikuwa nimeshakwenda kwa yule mama wa chaza siku tatu kabla, jibu ninalo, na sikumpa.

Ndani mama alikuwa anagonga mlango kwa kiganja. "Nitakulaani wewe! Wallahi nitakulaani!"

"Nilaani, mama," nikamjibu. "Nilaani ukiwa mkavu."

Akanilaani kweli, mimi na ukoo wangu wote wa Kiwangwa, mpaka adhuhuri. Kisha akauliza kupitia mlangoni kama kuna kitu nimepika.