Kompyuta Niliyoisafisha Kabla ya Msiba

Shangazi yangu ana duka la steshenari hapa Lushoto, hatua chache kutoka sokoni, na alichoniomba kilikuwa kitu kidogo tu. "Wewe uliyesoma, zitazame hizi kompyuta tatu uniambie ipi tuibadilishe kwanza." Mtu wa kawaida angezitazama, angenyoosha kidole, kisha akarudi kwenye chai yake. Mimi niliomba wiki mbili.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia. Kazi sikuwa nayo, maoni nilikuwa nayo tele. Nyumbani nilikuwa nimewachosha watu kwa kuuliza kwa nini kabichi zinauzwa kwa gunia na si kwa kilo, na kwa nini kanisani matangazo ni marefu kuliko mahubiri. Hakuna aliyenijibu. Walinipeleka dukani kwa shangazi, nadhani ili maswali yangu yahamie huko.

Kompyuta ya dirishani ilikuwa imeingiwa na unyevu. Miezi ya baridi, ukungu ukiingia hadi ndani ya duka, ilikataa kuwaka mpaka shangazi asogeze jiko la mkaa, iote moto kwanza kama sisi wengine. Ya pili ilizima yenyewe kila mteja akiwa na haraka. Ya tatu, ya zamani kuliko zote, ilikuwa ya mama mchapaji, mwanamke wa makamo ambaye amekaa kwenye kiti kilekile tangu mimi niko shule ya msingi. Ilikuwa nzito, inanguruma kama mashine ya kusaga, lakini haikuwahi kumwangusha.

Niliandika mpango wa kurasa kumi na moja. Ulikuwa na jedwali la rangi tatu, na kila kifaa kilipewa umri wake wa kustaafu, hata stepla. Shangazi alisoma ukurasa wa kwanza, akaruka hadi wa mwisho.

"Kwa hiyo ipi?"

"Ya mama mchapaji."

"Hiyo ndiyo nzima peke yake."

"Ni ya zamani, shangazi."

"Na mimi ni wa zamani. Nimo kwenye jedwali?"

Nilimweleza kwamba mashine haisubiriwi ife ndipo ibadilishwe, inabadilishwa kabla. Nilieleza kwa muda mrefu, na katikati ya maelezo akakubali. Wakati huo niliamini nimemshawishi. Siku hizi naamini alikuwa anataka kufunga duka.

Katika ukurasa wa saba niliweka kanuni ambayo niliipenda kuliko zote: faili ambalo halijafunguliwa kwa miaka miwili halihamii kwenye mashine mpya. Mashine ya mama mchapaji ilikuwa imejaa mambo ya wilaya nzima. Mikataba ya mashamba, barua za posa, ratiba za mazishi, mihtasari ya vikao vya vikundi ambavyo vilishavunjika. Namna yake ya kufanya kazi sijaiona mahali pengine. Mzee anakuja kutoka vijijini, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anasema shida yake kwa Kishambaa, na mama mchapaji anamtazama usoni huku vidole vyake vikitoa Kiswahili cha ofisini, chenye kichwa cha habari na aya zilizonyooka. Mzee akimaliza kusema, barua nayo imekwisha. Mimi niliitazama kazi hiyo na nilichokiona ni mafaili yenye majina ya ovyo.

Niliifanya kazi ya kubadilisha katika wiki ambayo mama mchapaji alikuwa Muheza, kwa binti yake aliyejifungua. Sikuichagua wiki hiyo kwa bahati. Yeye angeuliza maswali, na mimi, ninayejisifu kwa kuuliza, sikutaka kuulizwa. Nilihamisha mafaili yaliyokidhi kanuni yangu. Yaliyobaki niliyafuta kwa njia ambayo hayarudishiki, njia niliyoisoma makusudi ili kulinda siri za wateja. Kisha mashine ya zamani ikashuka na gari hadi shule moja kule Mazinde, watoto wakajifunzie. Jioni ile nilijiona mtu wa maana.

Mama mchapaji aliporudi aliitazama kompyuta mpya, akaipitishia kiganja juu.

"Inang'aa," alisema. "Na vitu vyangu vyote vimo?"

"Vya muhimu vyote vimo, mama."

Akaniamini. Mimi nisingemwamini mtu kwa jibu kama hilo.

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja aliingia mwanamke mwenye kanga mbili, moja kiunoni na moja mabegani, uso umechoka kwa kulia. Tulisalimiana, na mama mchapaji akamjua mara moja, kwa kuwa alimjua baba yake.

"Baba ametutoka juzi," mwanamke alisema. "Tunazika leo saa tisa. Alituachia neno kwamba wasifu wake wa kusomwa ameshauandika, uko hapa, tusiandike mwingine."

Ni kweli aliuandika. Mama mchapaji alitusimulia palepale, huku akifungua kompyuta. Miaka mitatu nyuma mzee yule alikuja peke yake, akasema amechoka kusikia watu wakidanganya mbele ya majeneza, na wanawe watadanganya vilevile kwa nia njema. Akasimulia maisha yake, akaacha nafasi ya tarehe ya kufa tu. Hakutaka nakala. Alisema karatasi nyumbani kwake ingesomwa kabla ya wakati.

Wakati wote huo mama mchapaji alikuwa anatafuta. Alitafuta kwa jina la mzee, kwa jina la kijiji, kwa neno "wasifu". Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilishajua. Faili la namna hiyo linafunguliwa mara mbili tu, siku ya kuandikwa na siku ya kufa. Katikati ya hapo haliwezi kufunguliwa. Kanuni yangu ilikuwa imetungwa kana kwamba nilikuwa namlenga mzee huyo.

"Labda kuna suala la uhifadhi," nilisema. "Kwa mujibu wa utaratibu mpya, mafaili yasiyotumika..."

"Sema Kiswahili," shangazi alisema kutoka kwenye mashine ya fotokopi.

"Nimelifuta."

Mwanamke yule alinitazama kuanzia viatuni.

"Wewe ndiye uliyesoma chuo kikuu?"

"Ndiyo, mama."

"Ukasomea kufuta?"

 Aliuliza kama mashine inaweza kurudishwa kutoka Mazinde. Ikabidi nimweleze kwamba ingerudi bila kitu, kwa kuwa nilikuwa nimehakikisha.

Mama mchapaji hakunigombeza. Aliinuka kutoka kwenye kiti chake na kuniambia nikae mimi. Akavuta kiti cha plastiki, kile cha wateja, akakaa yeye. "Nilimwandikia mimi," alimwambia mwanamke, "na alitaka nimsomee mara tatu. Kiswahili nilichoandika sikikumbuki. Maneno yake nayakumbuka."

Akaanza kusema Kishambaa, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito na ya polepole, inakatika katikati kama mtu anayepanda mlima. Mwanamke alifunika mdomo kwa kanga. Mimi niliandika. Kazi ambayo mama mchapaji aliifanya bila kutazama kibodi ilinitoa jasho asubuhi ya baridi. Kishambaa changu ni cha kuombea chakula na kuitikia salamu, na mara mbili ilibidi shangazi anitafsirie.

Mzee alizaliwa, akafanya kazi kwenye mashamba ya chai, akaoa, akanunua shamba bondeni. Kisha mama mchapaji akamgeukia mwanamke.

"Hapa kuna neno lako wewe," alisema. "Alisema kwamba ulifaulu darasa la saba, akakuzuia usiende sekondari ili ada itoshe kwa wadogo zako wa kiume. Akasema alikosea, na hakupata mdomo wa kukwambia."

Mwanamke alishusha kanga.

"Alisema kweli? Au mnanipoza kwa sababu mmepoteza karatasi?"

Lilikuwa swali zuri kabisa. Ndilo ambalo ningeuliza mimi, na mtu aliyekuwa ameuondoa ushahidi pekee duniani alikuwa ameketi mbele ya kompyuta mpya, na vidole hewani. Nilitaka kusema kwamba mama mchapaji hana sababu ya kudanganya. Lakini duka lilikuwa na sababu zote, na yeye aliziona kama nilivyoziona.

Mama mchapaji hakujitetea. Aliirudia ile sentensi kwa Kishambaa, neno kwa neno, na mwanzoni mwake kulikuwa na jina la utani. Silitaji hapa kwa kuwa si langu, lakini lilikuwa la kumchokoza mtoto mdogo, la mnyama fulani mwenye kelele. Mwanamke alicheka ghafla, kicheko kilichogeuka kabla hakijaisha.

"Hilo hakuna mtu mwingine aliyeniita," alisema. "Hata mama hakulijua. Aliniita hivyo tukiwa shambani, wawili tu."

Alilia, tukamwacha alie. Kisha akajifuta, akanigeukia.

"Iandike."

"Na lile jina?"

"Jina liache. Hayo mengine yaandike yote, yasomwe wadogo zangu na digrii zao wakiwa wameketi mstari wa mbele." Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Na nakala yangu nipe ya karatasi. Humo ndani msiniwekee kitu."

Sikuenda mazikoni, sikuwa na uso. Shangazi alikwenda, na aliporudi alisema tu kwamba wale wadogo wa kiume walitazama chini muda mrefu.

Siku iliyofuata nilimwuliza mama mchapaji kama kuna wazee wengine walioacha wasifu kwenye ile mashine. Alihesabu kwa vidole. Walikuwa wanne, na wote walikuwa hai.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kupanda milima kwa bodaboda na daftari, kuwaomba watu wazima wanisimulie tena maisha yao kwa ajili ya siku watakapokufa. Katika kurasa zangu kumi na moja sikuwa nimeipangia kazi hiyo mtu.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha Kwai. Nilimkuta anakamua ng'ombe, nikasimama kando mpaka amalize.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wa nani wewe?"

Nilimweleza wa nani, na kwamba nimetoka steshenari. Nilikuwa nimefanya mazoezi njia nzima, lakini maneno yalitoka vibaya kuliko nilivyoyapanga.

"Bibi, yale maneno uliyoandikisha kule dukani yamefutika."

"Yamefutika au yamefutwa?"

"Niliyafuta mimi."

"Kwani nimeshakufa?"

"Hapana, bibi."

"Sasa haraka ya kunifuta ilikuwa ya nini?"

Niliomba radhi. Alibeba ndoo ya maziwa, akaiweka kivulini, akafikiri.

"Afadhali," alisema. "Mle ndani nilimsifu sana jirani yangu, na tangu hapo ameshaziba mfereji wangu wa maji mara mbili. Kaa uandike upya."

Nilikaa kwenye gogo, nikafungua daftari. Alianza kwa Kishambaa, haraka haraka, akaona ninavyohangaika, akapunguza mwendo kama anayemlisha mgonjwa uji. Alisema alizaliwa siku ambayo udongo wa mlima uliporomoka ukafunga njia, na mkunga akapita juu ya matope kwa magoti.

"Bibi," nilisema, kalamu mkononi, "una uhakika ilikuwa siku hiyohiyo? Au watu waliyaunganisha baadaye?"

Alinitazama. Ng'ombe naye akanitazama.

"Siku hiyo alizaliwa nani, mimi au wewe?"

"Wewe, bibi."

"Basi andika."