Salamu kwa Zimwi

Kila akimaliza kuuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, Isnino hukimbilia kibanda cha gemu cha rafiki yake Fowsiya, mtaani Galbet, kutafuta hofu. Gemu ya leo ilikuwa na zimwi linalosikia sauti ya mchezaji kupitia maikrofoni.

"Abayo, dada yangu, ukifika kwenye nyumba ya zimwi, kimya kabisa!" Fowsiya alimwonya.

Isnino akafunga mdomo, akasukuma mlango. Lakini tangu lini mtu akaingia nyumba ya watu kama mbuzi?

"Asalaam aleikum!" akapaza sauti.

Zimwi likatoka mbio, likammeza mzimamzima. Fowsiya akagaagaa kwa kicheko.

"Unacheka nini?" Isnino akajitia kufoka, naye mbavu zikimuuma kwa kucheka. "Angalau hili likisikia salamu hutoka mbio. Wifi zangu hujifungia ndani!"