Kusema Bila Kusalimia

Shule niliiachia darasa la tatu, lakini mdomo ninao, na hapa kwetu Iyula sijaona wa kunishinda kwa maneno nikiwa nyumbani kwangu. Tabu ni mkutanoni.

Msimu wa kahawa uliopita, mashine ya kumenyea kahawa ilifungwa upande wa juu wa kijito tunamochota maji. Maji ya maganda yakawa yanamwagwa humo humo. Kijito kikanuka kama pombe iliyosahauliwa mtungini, tukawa tunapanda kilima cha pili kutafuta ya kunywa. Wanawake wakanituma nikaseme mkutanoni lichimbwe shimo, uchafu uishie huko.

Mwenyekiti wa kijiji alingoja mpaka watu wameanza kukung'uta vumbi makalioni ndipo akaninyooshea kidole, bibi aseme kwa kifupi. Sasa kwetu humfungulii mtu mdomo kabla hujamsalimu. Nikainama, nikapiga makofi taratibu, nikawasalimu wazee, mchungaji, mtendaji, wakwe, waliofiwa, na wanunuzi wa kahawa waliotoka Tunduma, ndio wenye mashine. Nilipofika kwenye maji, mwenyekiti akashukuru, akasema wamenisikia. Wamesikia nini? Nikarudi kupanda kilima na ndoo yangu, na kiuno hiki.

Mjukuu wangu wa kike yuko sekondari. Kwenye midahalo ya shule hana mpinzani, na anayebisha aje. Nilipomsimulia hakunionea huruma.

"Bibi, kusema unajua. Kuanza ndiyo hujui."

Nilikuwa nimechoka hata kukasirika. Basi ikawa kila jioni, tukichambua kahawa kwenye kichanja, ananitupia neno lolote, panya, mvua, mkwe, nami nilizungumzie hapo hapo, kabla hajajaza kiganja punje mbovu. Kikijaa anazimwaga, muda umeisha. Siku ya kwanza nilipewa panya. Nikaanza na shikamooni wazee, habari za nyumbani, poleni na kazi. Punje zikamwagika.

"Panya hujamsema, Bibi. Umemsalimu tu."

Tena. Macho yananitoka machozi kwa vumbi la kahawa, mgongo unawaka, na mtoto anasema tena. Kuzuia salamu ni kazi ngumu kuliko kulima. Inapanda yenyewe kama kwikwi. Jioni moja nilimwambia aniache nife kwa amani. Akasema nikifa watanisemea wengine, kwa hiyo nitumie nafasi niliyonayo, nimseme mkwe. Huyo mkwe nilimsema vizuri, kiganja hakikufika hata nusu.

Kabla ya msimu huu kuanza, mkutano ukaitwa. Kidole kikaninyookea mwishoni vile vile. Nikasimama, magoti yakilia. Makofi yalikuja mikononi, nikashika kanga yangu kwa nguvu.

"Kijito kinanuka. Tunataka shimo chini ya mashine kabla hamjamenya debe la kwanza."

Shemeji yangu mmoja, mzee mwenzangu, akaniuliza kutoka nyuma, "Shemeji, hata salamu?"

"Njoo nyumbani, shemeji, nitakusalimu na chai nitakupa. Ya maji hayo hayo."

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mwenyekiti akawatazama wanunuzi, wanunuzi wakatazama viatu vyao. Nilikuwa sijakaa. Nikabaki nimesimama mpaka akasema shimo lichimbwe, na akataja ni akina nani watachimba. Ndipo nikakaa.

Lilichimbwa. Wapo wanaosema uzee umenitoa adabu. Waseme, mimi siku hizi sina nguvu ya kuwajibu. Wiki iliyopita, mashine ikiwa inanguruma, nilishuka kijitoni. Maji yalikuwa na rangi kidogo, harufu hakuna. Nikanywa kwa kiganja, nikajaza ndoo, nikakaa juu ya jiwe. Mjukuu akaniita kutoka juu, akiuliza kama nimemaliza. Nikamwambia ashuke aichukue ndoo yeye.