Eksi Mara Mbili

Sauti ya mtaa wetu wa Kangemi iliyokaa kichwani mwangu kuliko zote si ya soko wala ya kwaya. Ni ya vitufe. Kt, kt, kii, dup. Ilitoka nyuma ya ukuta wa mabati, na mimi nilikuwa upande wa pili, kwenye meza ya mama, nikiwakatia wateja sukuma wiki huku kisu kikifuata mdundo ule bila kuambiwa. Banda lilikuwa la Brayo, kijana wa mtaa aliyekodisha gemu. Mabati yalikuwa na tundu la msumari, na kupitia hapo niliona televisheni yake, benchi lililojaa wavulana, na mashine iliyowekwa kichwa chini miguu juu, maana bila kugeuzwa haikusoma CD. Harufu ya soksi na mafuta taa ilinifikia mpaka kwenye mboga. Wasichana hawakuingia mle. Hakuna aliyekatazwa, ila ukichungulia mlangoni ulichekwa mpaka ukaondoka mwenyewe. Mama naye alikuwa ameshaamua kwamba pale ni pa wahuni.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, siri ya gemu ilikuwa mali. Mtaani kwetu nyumba zilikuwa hazina intaneti, na saiba, kwenye kompyuta za kulipia, walikwenda watu wazima kutuma maombi ya kazi. Siri zilitembea kwa midomo, na nyingi zilikuwa upuzi mtupu. Kuna aliyeapa kwamba ukiendesha gari kinyumenyume mzunguko mzima, daraja litafunguka. Likizo nzima watu waligonga kuta wakilingoja daraja. Mwingine alikuwa na binamu mtaa wa Kabiria, na huyo binamu alijua kila kitu, ila hakuna aliyewahi kumwona. Brayo peke yake alikuwa na siri ya kweli. Aliitoa mjini, kwa vijana waliouza CD kwenye vibanda vya ghorofani, ambao hawakukupa siri mpaka uwape yako. Ukibonyeza vitufe kwa mpangilio fulani kabla ya mashindano kuanza, lilitokea gari jeusi lisilokuwa kwenye orodha, na hakuna gari jingine lililolifikia kwa mbio.

Alipotaka kulitoa, Brayo alifunika mikono na padi, kile kidude cha vitufe, kwa leso ya mama yake, kama mtu anayemnyonyesha mtoto. Benchi zima lilipiga kelele. "Brayo, wacha roho chafu, onyesha watu!" Naye: "Tafuteni yenu. Hii nimeitolea jasho." Waliokuwa ndani hawakuona kitu. Lakini mimi nilisikia. Padi ile ilikuwa nzee, na kila kitufe kilikuwa kimechakaa kwa njia yake. Pembe tatu ililia kii. Mraba ulikuwa umemwagikiwa soda, ukasema dup. Duara lilikuwa limevuliwa kofia, sauti yake ilikuwa kavu. Eksi ilisema kt. Nilizijua kwa kutazama kioo kupitia tundu langu: gari likifanya hivi, sauti ni ile, na wavulana walitaja kila kitufe kwa jina. Ilinichukua muda, lakini mikono yangu ilikuwa kwenye sukuma na masikio yalikuwa huru. Eksi mara mbili, pembe tatu, mraba, duara, eksi mara mbili tena.

Siku moja Brayo alitoka kwenda msalani, na benchi lilikuwa limebaki na mtoto mmoja aliyesinzia. Niliacha kisu, nikaingia, nikabonyeza. Gari jeusi likatokea. Nilikuwa sijawahi kushika padi maishani. Brayo aliporudi alinifukuza kwa kandambili, lakini nilikuwa nimeshaona, na sikurudi mezani kwa kutembea, niliruka.

Mama alikuwa na kazi nyingine siku za Jumamosi. Alifulia familia moja kule Woodley, kwenye zile nyumba za zamani zenye ua na miti, na shule zikifungwa nilikwenda naye kusuuza. Mwenye nyumba tulimwita Mama Kevo. Kevo, mwanawe, alikuwa rika langu, na alikuwa na gemu lile lile sebuleni, jipya, padi inang'aa. Siku hiyo alikuwa na marafiki, wote wakibishana juu ya gari jeusi. Mimi nilikuwa ninapita na karai. Nikasema, "Mimi najua kulitoa."

Walicheka. "Wewe? Wa Kangemi? Huko mko na stima kweli?" Nikasema nilitoe au nisilitoe? Kevo akanipa padi, akaniambia nikiweza nitacheza nao kila nikija. Hicho tu ndicho nilichotaka, kukaa kwenye lile zulia kama mtu. Nikapangusa mikono kwenye sketi, nikabonyeza kama nilivyojua. Hakuna kitu. Nikarudia polepole. Hakuna. Mara ya tatu picha ikaganda, gari likasimama katikati ya barabara, na mashine ikakataa kila kitu.

"Mum! Msichana wa Mama Nafula ameharibu gemu! Na ni muongo!"

Mama Kevo alikuja, na mama yangu nyuma yake, povu mpaka viwikoni. Mama Kevo hakupiga kelele. Alisema kwa upole wa kuudhi, "Mama Nafula, mimi sipendi mtoto wa kuwafundisha wangu uongo. Kama ni hivi, tutaangalia mambo ya Jumamosi." Nikasema sikudanganya, nililiona kwa macho yangu. Mama akanitazama, kisha akamtazama mwenye kazi. "Nafula. Omba msamaha. Sema ulidanganya."

Nikasema. Mbele ya wale wavulana na karai langu, nilisema nilidanganya, naomba msamaha, haraka haraka kama mtu anayetema kitu kichungu. Kevo alizima mashine, akaiwasha, ikafanya kazi kama kawaida. Tulirudi kusuuza.

Nilipata jibu likizo iliyofuata, nikiwa kwenye sukuma. Brayo alikuwa amenunua padi mpya. Sauti zilibadilika, lakini mpangilio niliujua, na pale palipokuwa kt, kt, sasa palikuwa na kt moja. Nilisimama na kisu hewani. Eksi ya padi ile nzee haikushika mpaka uibonyeze mara ya pili! Waliokuwa ndani walijua, kila mmoja aliilalamikia kila siku. Mimi wa nje ya mabati ningejuaje? Nikamkimbilia mama, nikamweleza yote kwa pumzi moja, nikidhani atafurahi kwamba mtoto wake si muongo. Alikuwa anafunga mboga. Akasema, "Nilijua hukudanganya. Nilitaka kazi."

Miaka mingi nilimkasirikia kwa sentensi hiyo. Sasa nina binti, Tasha, na siri zote za gemu ziko kwenye simu. Nimeitafuta ile ya gari jeusi, na ipo, eksi mara moja, mtu yeyote anaisoma bila kujificha na leso. Hakuna mtoto atakayeitwa muongo kwa ajili ya kitufe tena. Nilijidanganya kwamba hiyo ndiyo tofauti ya utoto wangu na wake.

Mwezi uliopita mwenye nyumba wetu alisimama kwenye ngazi akifoka kwamba Tasha amekata kamba yake ya nguo. Tasha alikuwa na mimi ndani mchana kutwa. Nilijua. Majirani walikuwa wametoka milangoni kutazama, na nikasikia mdomo wangu ukisema, "Tasha, omba msamaha yaishe." Akaomba, haraka haraka. Tulipofunga mlango akaniuliza, "Mum, si ulijua sijakata?" Nikamwambia ndiyo, nilijua. "Sasa mbona niombe?"

Kodi yetu haina shida. Yule mwenye nyumba hawezi kunifukuza kwa sababu ya kamba, na hata angeweza, kuna nyumba kwingine. Mama yangu alikuwa na povu mikononi na kazi ya kupoteza. Mimi niliogopa kelele tu.