Basili na Mwendo wa Kombaini

Basili wa Maretadu alizaliwa na haraka. Akila, alimaliza wengine bado wananawa. Akitembea, mbwa walidhani ameiba. Alipopata kazi ya kuendesha kombaini, mashine ya kuvunia, kwenye mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang, jirani zake walicheka. Walisema huyo atashuka kwenye mashine aisukume.

Aliyemfundisha alikuwa mzungu mrefu. Kiswahili chake kilikuwa shikamoo tu, na hiyo aliwapa hata watoto. Kwa Basili alikuwa na neno moja la Kiingereza: "Slouli." Alilisema asubuhi, alilisema mchana, alilisema mdomo umejaa vumbi la makapi.

Nikolausi, fundi wa karakana, ndiye aliyekuwa mkalimani. Kombaini ikiingia kwenye ngano iliyolala, alipaza sauti: "Polepole, anasema!" Basili akishusha visu vya mbele karibu na mawe: "Kidogokidogo!" Kwenye kona: "Taratibu!" Akivuta gia kwa nguvu: "Bila papara, wewe!"

"Mbona yeye anasema neno lile lile?" Basili aliuliza.

"Neno ni lile. Uso si ule. Mimi natafsiri uso."

Neno likaenea. Gidabuday, mlinzi wa lango, alimwambia hivyo ndama wake akinyonya kwa pupa. Perpetua wa kantini aligonga sufuria kwa mwiko watu wakisukumana: "Slouli!" Foleni ikanyooka. Kwa Basili liliingia sikio hili likatokea lile.

Ndipo akampenda Fransiska, binti wa Mzee Tluway wa Gehandu. Akaenda kuposa na baba yake mdogo, Bura.

Posa haianzi na posa. Wazee huanza na mvua, wakaja kwenye ng'ombe, wakauliza wagonjwa, mpaka jambo lenyewe lijitokeze. Bura alikuwa bado kwenye ng'ombe. Basili akayamaliza maziwa aliyokaribishwa, akaweka kibuyu chini, akasema:

"Mzee, nimekuja kumuoa Fransiska."

Bura alitazama paa. Mzee Tluway alitazama kibuyu.

"Baba yako bado anamuulizia ndama wangu," alisema Tluway, "wewe umeshafika harusini. Nani amekukimbiza?"

"Hakuna, baba."

"Maziwa yangu umeyameza kama dawa ya minyoo. Binti yangu je? Nenda. Wakati wa mavuno nitakuja kukuona kazini. Kama mashine unaiendesha kama unavyoposa, hapa kwangu usirudi."

Wakarudi, Bura mbele. Karibu na nyumbani akasema, "Alikuwa amebaki ng'ombe mmoja tu."

Wiki ile Fransiska alimtumia salamu kupitia kwa Perpetua. "Anasema ujifunze kutafuna," Perpetua alimwambia, kantini yote ikisikia.

Basili akajifunza. Juu ya kombaini aliyarudia maneno ya Nikolausi peke yake. Akaona kila moja lina mahali pake. Polepole ni ya magurudumu. Taratibu ni ya mikono. Bila papara ni ya moyo, na hiyo ndiyo ilimtoa jasho.

Mavuno yakafika. Mzee Tluway akaja amevaa koti la kanisani. Mzungu akampa shikamoo, mzee akaitikia marahaba kwa raha zote, akapandishwa juu ya kombaini. Mwanzo alishika chuma kwa mikono miwili. Halafu akaona ngano inaingia mbele na punje zinamwagika kwenye tangi. Mikono ikalegea. Macho yakawaka.

Kombaini ya Felician, dereva mwenzake, ikawapita kando. Felician akapunga kofia.

"Huyo anatupita!" alisema mzee.

"Anatupita, baba."

"Na wewe unamwacha?"

"Hapa ngano imelala. Nikikimbia itabaki chini."

"Ongeza kidogo tu, kijana!"

"Taratibu, baba."

"Mimi ndiye ninayekwambia!"

Mkono wa Basili ukaenda kwenye gia. Akimkatalia mzee, amekosa mke. Akimtii, pia amekosa mke. Na yeye mwenyewe, Mungu anajua, alitamani kumpita Felician.

"Tukimaliza mstari, baba, utanigombeza," alisema. "Sasa taratibu."

Mzee akanuna mpaka mwisho wa mstari. Aliposhuka, alirudi nyuma kwa miguu, ameinama, anapekua mabua. Akaokota masuke machache, akayatia mfukoni. Kisha akavuka upande wa Felician. Aliporudi, kofia yake ilikuwa imejaa masuke, na mengine ameyakumbatia.

Aliyamwaga mbele ya Basili. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ningekuwa dereva mimi, serikali ingekufa njaa," alisema. "Njoo Jumapili. Mlete Bura, amalizie yule ng'ombe wake. Na maziwa uyanywe kama mtu."

Basili aliyanywa mpaka jua likahama mlangoni. Fransiska alicheka huko jikoni, wote wakamsikia.

Walipooana, haraka ilihamia kwa mke. Wakienda kanisani, Fransiska alikuwa tayari kwenye kona, anaita, "Baba Getruda! Padre atafunga mlango!" Naye alijibu, "Slouli, mama Getruda." Alipofika konani, alimkuta amesimama, anamsubiri.

Mwaka juzi Fransiska aliugua, akatangulia tena. Safari hiyo Basili alimwambia taratibu, hakusikia.

Sasa Basili ni mzee. Maziwa yake huyanywa kidogokidogo, wajukuu wanachoka kusubiri kibuyu.

"Babu, fanya upesi!"

"Upesi wa nini?" husema. "Aliye kwenye kona amezoea kunisubiri."