Mzee wa Arlington na Bwawa la Kwao

Miaka ile nilikuwa nikimtunza mzee mmoja Mmarekani huko Arlington, nyumbani kwa binti yake. Maisha yake yote alikuwa mkulima, magharibi ya mbali, kwenye bonde kavu linaloishi kwa maji ya mfereji. Magoti yalipomkatalia, binti alimleta kwake, nami nikawa nafika kila asubuhi kumwogesha, kumpikia uji na kumsikiliza.

Kilichotuunganisha ni maji. Mimi nimezaliwa Mwea, kwenye mpunga. Siku niliyomwambia kwamba mama yangu alikuwa akitoka alfajiri kwenda kugeuza maji yaingie kwenye majaruba yetu, mzee aliweka kijiko chini.

"Kumbe unajua zamu za maji!"

"Najua zamu, mzee. Na wezi wa zamu nawajua."

Akacheka mpaka akakohoa. Ndipo akanieleza habari za jirani yake wa shamba la juu, rafiki tangu shuleni. Mwaka mmoja wa ukame, jirani huyo alifungua mlango wa maji siku isiyokuwa yake, na mahindi ya mzee yakakauka yakiwa yamesimama. Tangu hapo hawakusemezana.

Kisha bwawa lililolisha bonde lao likaanza kuvuja. Lilijengwa kabla mzee hajazaliwa. Saruji ilikuwa imepasuka na milango imeshikwa na kutu. Wakulima hawakuwa na uwezo wa kulitengeneza wenyewe, wakaiomba serikali kuu. Asubuhi moja binti akasoma kwenye simu kwamba kamati ya Bunge ingewasikiliza wakulima kuhusu fedha za kukarabati mabwawa makuukuu.

"Nipelekeni," mzee akasema.

"Utachoka, Baba."

"Nimechoka kukaa."

Nikamvalisha suti iliyokuwa imeanza kumpwaya mabegani, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye treni, tukavuka mto Potomac kuingia mji mkuu. Ukumbini tuliketi nyuma. Nilidhani nitasikia mambo ya kunizidi kimo, kumbe niliyajua yote: mfereji unaokauka katikati ya msimu, watu wa mwisho wa mfereji wasioambulia kitu. Nikasikia harufu ya tope la kwetu. Nikamwona mama, leso ameipandisha magotini, anamfokea jirani aliyeziba mtaro wetu, na jioni hiyohiyo anamtuma dada yangu ampelekee bakuli la githeri.

Alipoitwa mkulima wa mwisho, mzee akanishika mkono kwa nguvu. "Ndiye," akanong'ona.

Jirani alikuwa amezeeka vibaya, amekonda, kofia ameishika kifuani. Aliwaambia wabunge kwamba bwawa bovu halikaushi mimea tu. "Linagombanisha watu waliopendana," akasema, kisha akaomba maji ya kunywa.

Walikutana kwenye ujia, nje ya ukumbi. Jirani alisimama kama aliyeona mzuka.

"Wewe bado u hai?"

"Nangoja zamu yangu ya maji," mzee akamjibu.

Jirani akapiga goti mbele ya kile kiti, wakakumbatiana. Mimi nikasogea dirishani niwaachie nafasi.

Fedha zilikawia. Ziliahirishwa, zikapunguzwa, hatimaye zikapitishwa, na mafundi wakafika bondeni. Mzee hakutaka kuyasikia hayo kwa mbali. Jirani alikuwa na chumba, akamwita. Binti alilia, lakini akamfungia mizigo, nami nikakunja ile suti.

Nikapewa mgonjwa mwingine huko Greenbelt, mama mpole asiyependa mazungumzo. Nilimkumbuka sana mzee wangu, hasa saa ya uji.

Kiangazi kilichofuata nilikuwa dukani Columbia Heights, natafuta unga wa ugali, simu ikalia. Mzee hakunisalimu. "Sikiliza," akasema, akaielekeza simu kwenye mlango mpya wa bwawa. Maji yalikuwa yakinguruma, na nyuma yake wazee wangu wawili wakibishana zamu ya kwanza ni ya nani.

Mama mmoja Mkongo aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega. "Dada, iko nini? Unalia?"

"Ni maji tu, mama," nikamwambia, nikampisha achukue unga.