Hadithi ya Tatu

Jirani yangu hapa Dayton, fundi bomba, ana mikono mipana inayobeba bakuli la peremende kama imeshika yai. Kila Halloween, usiku ambao watoto hupita mlango kwa mlango wakiomba peremende, akishawasha mshumaa ndani ya boga lake barazani, hutuita sisi majirani tutazame filamu ileile ya kutisha, yenye hadithi fupi tano ndani yake. Nikimuuliza kama haimchoshi, husema, "Hadithi moja ikikushinda, unasubiri inayofuata." Ya kwanza huicheka, kwenye ya pili hung'ata kucha. Ya tatu, ya baba anayemsubiri mwanawe, ikianza tu, huinuka na bakuli lake kwenda kufungua mlango, na hakuna aliyebisha hodi. Hurudi ya nne ikianza.

"Enhe, yule mtoto alirudi?" huniuliza.

Mwaka huu nikamwambia, "Si ukae uone mwenyewe, mzee?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Nikikaa, mlango atafungua nani?"

Basi nikamwambia mtoto alirudi.

"Mwaka jana ulisema hakurudi," akasema, akiketi taratibu.

Ukweli ni kwamba hata mimi sijui kama alirudi. Miaka yote hiyo, hadithi ya tatu ikiendelea, mimi huwa namtazama yeye pale mlangoni.